Mama Kevina Atai, Aliyepewa Tumbo na Mkwe Wake

Mama Kevina Atai alizaliwa tarehe 14 Machi 1964 huko Buteba, wilaya ya Busia, Uganda. Alisoma hadi darasa la saba, kisha akaingia sokoni. Mwaka 1985 alifunga ndoa na Mzee Opolot, wakajaliwa binti mmoja, Marion. Kwa miaka thelathini aliuza simsim, akivuka mpaka asubuhi na kurudi jioni.

Mwaka 2016 utumbo wake ulianza kuvimba na kutoa damu. Dawa zilituliza, ugonjwa ukarudi. Kibaya zaidi, ulikuja na woga. Mama aliyezoea kutaniana na askari wa mpakani akaanza kuhesabu vyoo vya njiani, mwishowe hakutoka hata kwenda kanisani. Wapo waliosema amerogwa. Tumewasamehe.

Mwaka 2021 madaktari wa utafiti mmoja Nairobi walimweleza kwamba vijidudu vyema vya tumboni mwake vimepungua, na kwamba tumbo na akili husemezana. Wangempandikizia vya mtu mwenye afya, vinavyopatikana katika kinyesi chake. Marion alikuwa mjamzito. Eibu, kaka yake Mama, ndio kwanza amemaliza dawa za taifodi. Aliyefaulu vipimo vyote ni Othieno wa Tororo, mume wa Marion. Lo! Mkwe, ambaye kwa mila za Iteso hakuwahi kula naye wala kumpa mkono! Akimwona Mama njiani, Othieno alikuwa akikata kona.

Wazee walikaa kikao kutwa nzima. Mama akawakatiza: "Kwani tumbo inajua mkwe? Mimi nataka kurudi soko."

Akapandikizwa, na baada ya miezi mitatu damu ilikoma. Woga haukuwa na haraka. Ulihitaji mshauri na mwaka mzima. Februari 2023 alivuka mpaka peke yake. Jioni ile alimwita Othieno, akamwandalia ugali wa wimbi, wakala meza moja. "Umenipa tumbo," alimwambia, "sasa utanikimbia wapi?"

Ugonjwa ulirudi mara moja, ukatulizwa. Kilichomchukua ni kiharusi, nyumbani Buteba, tarehe 9 Agosti 2025.

Ameacha mume wake Opolot, binti yake Marion, kaka yake Eibu, wajukuu watatu na mkwe mmoja. Kimila, mkwe hasogelei jeneza la mama mkwe. Mama aliagiza vingine: wasifu huu usomwe na Othieno, asimame karibu, asijifiche. Ndiye huyu anayewasomea.

Pumzika, Mama. Pumzika bila woga.