Kibao cha Ufagio

Kwenye treni ya jioni kutoka Stuttgart, mbele yangu, kijana aliyejitaja kuwa Torben wa Hamburg alikuwa akimwambia bibi aliyekaa naye kwamba Hirschlingen si mji, ni chumba cha kulala cha watu wa Stuttgart.

"Chumba chako wewe," bibi akasema. "Wenzako tunaishi."

"Majirani wana roho nzuri, sikatai. Nilipohamia walinitundikia mlangoni kibao chenye picha ya ufagio. Zawadi ya kunikaribisha. Nimekiweka jikoni."

Bibi akatua kikapu polepole. "Mwanangu, kile ni cha zamu. Mwenye kibao anafagia ngazi wiki hiyo, kisha anamtundikia jirani. Ulihamia lini?"

"Pasaka."

"Na sasa tunavuna zabibu." Akacheka mpaka akafuta machozi. "Basi nyumba yenu ndiyo ile chafu inayosemwa mji mzima."

"Lakini jikoni kinapendeza, bibi."

"Tunakwenda kukitoa leo hii. Zamu inayofuata ni ya nani?"

"Jirani wa juu. Simjui sura."

Nikageukia dirishani. Tangu Pasaka nilikuwa sijashika ufagio, na mji ulikuwa umeanza kunikolea.

Treni ikasimama Hirschlingen, wakashuka wakibishana. Mimi nikapitiliza kwangu mpaka kituo kinachofuata.