Leseni ya Usumbura

Mie sijapata kusikiliza ya watu maishani. Siku ile ndani ya basi la Temeke nilihama kiti tu ili nisikie vizuri. Kijana aliyejiita Nassibu alimwambia mama mmoja kwamba kesho anakwenda kubadilishiwa leseni yake ya Usumbura, kwa Wabelgiji, apewe ya hapa, maana Taiyeb wa mbao amemwekea kazi ya lori mpaka keshokutwa tu. Goti lilimcheza kama cherehani.

"Umeendesha sana huko, mwanangu?"

"Miaka, mama! Hata usingizini."

"Na gari za kule hupita upande gani wa njia?"

"Kushoto, kama hapa."

Mama akajitanda kanga upya. "Mie niliolewa Usumbura, nikazalia huko. Gari hupita kulia."

Basi likasimama Keko.

"Sasa baba, leseni hiyo ya nani?"