Sebenzile Mashile, Aliyepika Majivuni

Sebenzile Mashile alizaliwa tarehe 4 Machi 1958 kijijini Shatale, Bushbuckridge, mtoto wa kwanza wa mzee Jonas Nkuna na mama Mihloti. Alisoma hapo hapo hadi darasa la saba. Alipenda hesabu na hakupenda kuambiwa kaa chini. Baba alipougua mwaka 1972, aliacha shule akaenda kuosha vyombo kwenye kambi ya wakata miti karibu na Sabie. Aliyemhurumia kwa hilo alijibiwa.

Tarehe 15 Desemba 1979 alifunga ndoa na Elphas Mashile, kiongozi wa kikosi cha kuzima moto katika mashamba ya misonobari, wakajaliwa binti mmoja, Khensani. Agosti 2003, msimu wa upepo, Elphas na wenzake kumi na tisa walikaa mlimani siku mbili kwa chai na mkate mkavu. Aliporudi alianguka mlangoni kwa njaa. Sebenzile alimlisha, akamfunika, na kesho yake akaenda kwa meneja wa shamba kuomba kazi ya kuwapelekea wazima moto chakula, maji na mafuta ya pampu huko huko waliko.

"Mama, sisi tunazima moto, hatufungui hoteli," meneja alimwambia.

"Na mwenye njaa anazima nini, baba? Hata mshumaa humshinda."

Akapewa msimu mmoja wa majaribio. Alianza na pikapu kuukuu, masufuria matatu na mdogo wake Ntombana, anayesoma wasifu huu. Siku ya tatu wakakosea. Waliona kivuli kizuri na nyasi laini, wakaegesha hapo, wakapanga sahani kama harusini. Wazaliwa wa milima hii, jamani, nao wakasahau kwamba nyasi ambazo hazijaungua ni kuni! Upepo uligeuka. Pikapu iliteketea na ugali wake, wao wakakimbilia palipokwisha kuungua, wakapona.

"Mama Mashile, leo umetuunguzia mpaka gari!" wazima moto walimtania.

Ntombana alisema yatosha, warudi nyumbani. Sebenzile, nyusi zote zimeungua, akamwambia, "Wewe nenda. Mimi nina watu ishirini hawajala." Alishuka kilomita sita kwa miguu, akaazima trekta la jirani, na jua halijazama alikuwa amerudi na ndoo ya magwinya, yale maandazi yetu ya kukaanga, na mapipa mawili ya maji. Tangu siku hiyo alipika majivuni tu, na kwa miaka ishirini na miwili hakuna kikosi alichokiahidi kikalala njaa. Elphas alipofariki mwaka 2014, jamaa walitaka mjane akae ndani mwaka mzima. Kulipowaka, alipanda mlimani na nguo zake nyeusi za ujane, akapakua ugali. Walionuna walinuna.

Februari mwaka huu figo zilianza kumsumbua, na Khensani akaishika kazi ya kupeleka chakula mlimani. Jumanne tarehe 9 Septemba, saa tatu asubuhi, daktari alisema saa zake zimebaki chache. Hapo hapo simu ya Khensani ikalia: moto umeruka barabara, watu arobaini wako juu, maji yamewaishia. Khensani akaizima simu. Mama akafumbua macho.

"Nani huyo?"

"Si kitu, mama. Pumzika."

"Usinidanganye. Mimi hapa nina wauguzi wawili, na mama yako mdogo ananikumbatia hata pumzi sipati. Wale juu wana nani?"

"Siendi. Nikirudi nisikukute?"

"Hutanikuta. Nenda, mwanangu. Usinifanye mwongo siku ya kufa."

Khensani alikwenda akilia. Watu arobaini walikula saa saba mchana. Sebenzile alifariki saa nane.

Sasa, tangu Jumanne kuna midomo inayosema mtoto alimwacha mama yake akate roho ili yeye akauze ugali. Ntombana alikuwa kitandani pale, na anasema mbele ya jeneza hili: mtoto alitumwa. Mwenye neno jingine alitoe sasa, kabla hatujafukia.

Marehemu ameacha mdogo wake Ntombana, wajukuu wawili, Vutlhari na Nkateko, wafanyakazi kumi na mmoja wa jiko lake, na binti yake Khensani, aliyemtii mama yake mpaka mwisho.

Mungu ampe Sebenzile pumziko jema. Wa kwanza kutia udongo ni Khensani.