Shueb Awil na Dawa Iliyokufa Njiani

Wasikilizaji wapendwa, assalamu alaykum. Jumapili iliyopita, huko Balambala, tulimzika Shueb Awil, fundi wa maabara. Makaburini tulifika watu kumi na sita tu. Garissa nzima ilimjua, na Garissa nzima ilimwita muuaji. Asubuhi hii nataka kumsafishia jina, na nimechelewa.

Shueb alipima makundi ya damu kwa miaka tisa katika hospitali moja ambayo nimekatazwa kuitaja. Kila asubuhi, kabla ya kumgusa mgonjwa, alijichoma kidole. Tone la damu yake kwenye kigae cheupe, tone la dawa ya kupimia juu yake. Yeye alikuwa kundi A. Damu ya kundi A ikikutana na dawa hiyo hujikusanya chembe chembe. Ikijikusanya, dawa ni nzima. Hapo ndipo aliita mgonjwa wa kwanza. Wenzake walimcheka. Mjane wake, Rahmo, anasema: "Vidole yake ilijaa matundu. Mimi namwambia, kwani wewe ni nguo ya kushonwa?"

Desemba 1997 mafuriko yalikata barabara. Dawa ikazungushwa Isiolo, ikaja na lori kupitia Modogashe. Lori likakwama matopeni siku nane. Barafu ya kuipoza dawa ikayeyuka, joto likaingia. Shueb akapokea kisanduku, akatia sahihi. Asubuhi yake akajichoma kidole. Damu ikabaki laini, kama ya mtu wa kundi O. Akajichoma tena. Laini. Narudia: damu ya kundi A ilisomeka O.

Akaenda mbio kwa mkuu wake. "Dawa imekufa." Mkuu akajibu, "Chupa ni mpya. Nyingine itatoka wapi?" Shueb akakataa kupima. Akapewa likizo ya lazima, na chupa ikarudi kwenye friji.

Siku ya tano akaletwa Lul, mama wa watoto wanne, akivuja damu baada ya kujifungua. Yeye ni kundi O. Kaka yake, Abshir, akajitolea damu. Abshir ni kundi A. Dawa ile ikamsoma O. Hakuna aliyejichoma kidole asubuhi hiyo. Damu ya A ikaingia mwilini mwa mtu wa O, na Lul akafariki kabla ya adhuhuri. Abshir aliniambia: "Dada yangu, walahi, nimeua na damu yangu mwenyewe." Hapana, Abshir. Si wewe.

Hospitali ikatoa tangazo: fundi Shueb Awil amefukuzwa kwa kupokea dawa mbovu. Sahihi yake ikawa ushahidi. Akahamia Balambala kulima vitunguu. Rahmo anasema: "Miaka mbili aliuliza kitu moja tu. Rahmo, kwa nini sikumwaga ile chupa?"

Wasikilizaji wapendwa, tangazo lile lilisomwa hapa. Nililisoma mimi, saa moja asubuhi, saa saba mchana, saa moja jioni. Sikumuuliza Shueb neno, na nyumba yake ilikuwa mtaa wa pili kutoka studio. Naona aibu.

Kwa Rahmo na wanawe, kwa Abshir na yatima wa Lul, poleni sana. Nanyi wakubwa wa maofisi, fikirini mnamfukuza nani anapowaambia kitu kimeharibika.

Rahmo hataki pole zangu. Anataka tangazo. Basi lisikilizeni: Shueb Awil alijua dawa imekufa, akasema, akaondolewa kazini. Lul alikufa Shueb akiwa nyumbani, kwenye likizo ya lazima. Saa saba nitalisoma tena, na saa moja jioni.