Kuni Zilizoelea Kaburini

“Kaka, baba si gogo, hazikwi kwenye maji!”

“Na mama alale peke yake? Mzee alisema ubavuni kwake, Maayis, au masikio uliyaacha mjini?”

Ndivyo walivyogombana jana watoto wa marehemu, Nyukulai na dada yake, nanyi majirani mliwasikia, hivyo familia haina cha kuficha.

Mzee wetu Bahylai Sleptsov alizaliwa tarehe 2 Februari 1949 hapa kijijini Kuogaly, akasoma hapa hapa hadi darasa la nane, na kuanzia 1970 hadi 2009 aliendesha mtambo wa kutoboa ardhi kwa watafiti wa mji wa Yakutsk, ambao walimweleza kwamba majani na wanyama wa kale wamelala ndani ya udongo ulioganda mwaka mzima, ukiyeyuka wanaoza, kaboni yao inapanda hewani na kuongeza joto, nalo joto linayeyusha udongo mwingine. Tena wakamwambia joto kama hilo liliwahi kuja maelfu ya miaka iliyopita, ardhi ikayeyuka na kudidimia ikawa mabonde, na ndimo tunamolishia farasi. Marehemu alikuwa akimuuliza mjukuu wake Kyunnei, aliyeacha shule ili amuuguze, “Sasa binti, joto tulishukuru au tulilaani?” naye mjukuu huyo, anayewasomea haya, hajui hata leo.

Alimwoa Daarya tarehe 6 Juni 1974, wakajaliwa watoto hao wawili, na mwaka 2011 Daarya akafariki, akazikwa kando ya ziwa. Mapafu yalianza kumsumbua marehemu mwaka 2022, akatutoka tarehe 11 Septemba 2023, nyumbani kwake.

Wachimbaji walipofika kina cha kiuno, kando ya kaburi la Daarya, walishusha kuni kama ilivyo desturi, moto uilainishe ardhi iliyoganda, lakini barafu haikuwepo, maji yakachuruzika pande zote na kuni zikaelea.

Tunamshukuru daktari wake, wenzake wa mtamboni, na majirani mliochimba tena kule mlimani. Lala, babu, kwenye ardhi ngumu.

Kwetu kaburi halifukuliwi, lakini asubuhi hii, jeneza likitolewa, Maayis alimshika kaka yake mkono na kusema, “Twende mlimani, kaka. Baridi ikikaza, mama naye tumlete alale ubavuni kwake.”

Nyukulai alisimama mlangoni, kofia mkononi.

“Tutamleta, mdogo wangu, ardhi ikiganda,” akasema. “Ikiganda.”