Bi Zaituni Hango: Kesi Iliyokosa Pa Kusikilizwa

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka Bi Zaituni Hango, mkulima wa alizeti kutoka Ikungi, aliyefariki Jumanne ya juma lililopita akiwa na miaka sabini na mmoja. Amefia Mandewa, mjini Singida, kwenye nyumba ya kupanga ya mwanawe Miraji. Shamba lake mwenyewe lipo, na hakuzikwa huko. Nalisema mapema hilo, msije mkadhani nimekuja kumpamba kwa maneno.

Shamba hilo ni ekari sita. Alilifyeka yeye na mumewe, wakang'oa visiki kwa mikono, mimba ya Miraji ikiwa tumboni. Jirani yake, Mama Dorkas, ananiambia: "Zaituni alikuwa anaongea na alizeti zake kama watoto. Iliyochelewa kuchanua anaisema mpaka unaionea huruma."

Mumewe akafariki. Zaituni akakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Ndani ya eda hiyo wapimaji wakaja kijijini kuandikisha mashamba, watu wapate hati za kimila. Kila mwenye shamba alitakiwa asimame mpakani mwake. Zaituni angesimamaje? Akasimama shemeji yake, mdogo wa marehemu. Jioni akamletea fomu nyumbani, na wino.

"Shemeji, weka kidole hapa. Mambo yako yameisha."

Akaweka. Kusoma hakujua, na alimwamini shemeji yake.

Sikilizeni vizuri hapa. Kidole kile kiliwekwa kwenye mstari wa jirani. Katika daftari la ardhi la kijiji, mwenye shamba ni shemeji. Zaituni ameandikwa jirani, shahidi aliyeikubali mipaka. Mama wa watu alishuhudia kunyang'anywa kwake mwenyewe, akasema na asante.

Aligundua msimu wa pili, alipokuta trekta shambani. "Mama alifurahi kwanza," anasema Miraji. "Alidhani baba mdogo kamsaidia kulima. Akawapelekea uji."

Akaenda mahakama ya mwanzo. Karani akamwamkia shikamoo, vizuri kabisa, kisha akamwambia: mama, hapa hatuna mamlaka, hii ni kesi ya ardhi, nenda baraza la ardhi. Akaenda baraza. Likamsikiliza miaka mitano, wazee wa kijiji wakatoa ushahidi, akashinda. Siku ile alinunua soda za mtaa mzima.

Shemeji akakata rufaa. Huko juu wakasema shamba lilikuwa la marehemu, basi yaanze mambo ya mirathi, na mirathi ni ya mahakama. Baraza halikuwa na mamlaka. Ushindi ukafutwa, kana kwamba wale wazee hawakufungua midomo. Akarudi mahakama ya mwanzo, akateuliwa msimamizi wa mirathi. Alipolitaja shamba, hakimu akafungua nakala ya daftari: mama, humu shamba si la marehemu, ni la shemeji yako. Mimi siwezi kuligawa. Kabishanie umiliki kwanza, baraza la ardhi.

Miaka kumi na mmoja, wasikilizaji. Mahakama inamtuma barazani, rufaa inamrudisha mahakamani. Na kila mmoja, kwa kitabu chake, alikuwa sahihi! Hilo ndilo linaloniuma. Siku moja alimwuliza hakimu, kwa heshima zote: "Baba, asiye na mamlaka kila mtu ananionyesha. Mwenye nayo yuko wapi?" Hakimu akaahirisha.

Alikuwa na ombi moja: azikwe shambani, ubavuni mwa mumewe. Alipokata roho alfajiri, Miraji akampigia baba yake mdogo kuomba nafasi ya kaburi. Akajibiwa kwamba wakili amekataza, kaburi litaharibu kesi. Maiti haisubiri tarehe ya mahakama. Bi Zaituni akazikwa alasiri ile ile hapa mjini, katikati ya watu asiowajua.

Na shemeji alikuja mazikoni. Akatia udongo, akalia, machozi ya kweli. Kisha akamshika Miraji mkono mbele ya watu: "Mwanangu, shamba ni la mama yako, nani asiyejua? Ila karatasi ndiyo imeshaandikwa."

Miaka kumi na mmoja, kila ofisi ilitafuta nani amsikilize. Jibu lilikuwa mdomoni mwa mtu mmoja, na limetoka udongo ukiwa tayari juu yake.

Wasikilizaji wapendwa, daftari la ardhi la kijiji chako lipo ofisini kwa mtendaji. Nenda, omba usomewe jina lako. Na kama mama yako hajui kusoma, kesho mpeleke wewe.

Miraji, pole sana. Mama Dorkas, pole kwa kumpoteza mwenzako. Mungu ampokee Bi Zaituni pasipo na daftari. Na wewe shemeji, najua redio unayo na saa hizi unasikiliza. Pole yako nimeitafuta tangu Jumanne. Sijaiona.