Chechi Vilasini, Aliyehesabu Siku kwa Pakiti za Maziwa

Ijumaa hii, tarehe 31 Machi 2023, Bi Vilasini Damodaran anastaafu baada ya miaka thelathini na minne katika ofisi yetu ya ushauri wa kodi hapa mjini Aluva. Sote, hata mwenye ofisi, tunamwita Chechi, yaani dada mkubwa. Mimi nimekaa meza ya pili kutoka kwake kwa miaka kumi na mmoja, na bado namwogopa kidogo.

Wateja wake ni watu wa mikataba ya ng'ambo: wachomeleaji wa mabomba na mafundi wa visima vya mafuta baharini, wanaolipwa kwa dola na kurudi nyumbani kila baada ya wiki kadhaa. Kwao, kodi ni suala la siku. Fundi akikaa nchini siku 182 kati ya Aprili mosi na Machi 31, hata mshahara wa ng'ambo unatozwa kodi. Akikaa siku 181, hauguswi. Siku ya kutua nayo inahesabiwa. Nimemsikia Chechi akiwapigia simu wanaume wazima walioko Angola na kuwaamuru wasikanyage nyumbani kabla ya Alhamisi. Walitii.

Mwaka ule rupia ilipoporomoka, walijaa ofisini wakichekelea, kila mmoja akitaka kubadilisha dola zake zote siku hiyohiyo. Chechi aliwakaribisha ndizi za kukaanga, kisha akawauliza mmoja mmoja: "Ada ya mtoto unalipa lini? Na mkopo wa nyumba? Basi badilisha ya hayo tu. Nyingine ziache zilipo, zisije zikaisha kwa shemeji zako." Walicheka, lakini hakuna aliyebisha.

Ila kilichonifanya nimvulie kofia ni suala la Baiju Varkey, fundi wa visima. Mwaka 2019 alipata barua ya kodi ikimtaka athibitishe kwamba miaka miwili nyuma hakuwa amefikisha siku 182 nchini. Pasipoti yenye mihuri ilikuwa imeozea kabatini katika mafuriko ya 2018, kampuni iliyomwajiri ilikuwa imefungwa, na shirika la ndege lilisema halitafuti chochote bila tarehe kamili. Fedha yenyewe ilikwisha kuwa saruji na paa jipya. Akishindwa, angeiuza nyumba aliyotoka tu kuijenga upya.

Chechi hakumwomba karatasi. Alimgeukia mkewe, Shiny, akamuuliza kama kalenda ya jikoni ilinusurika. Ilinusurika, kwa kuwa ilining'inia juu ya mahali maji ya mafuriko yalipofika, ile ya mwaka wa nyuma ikiwa bado chini ya mpya kwenye msumari uleule. Kama mama wengi wa hapa, Shiny aliandika kila asubuhi idadi ya pakiti za maziwa alizochukua: moja Baiju akiwa kazini, mbili akiwa nyumbani. Kalenda zilipoletwa ofisini, Chechi alihesabu kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa. Akapata siku 182.

"Chechi, futa moja tu," Baiju alimsihi. "Haya ni maziwa, si hati ya mahakama!"

"Sifuti hata tone," Chechi akajibu, akamwonyesha Shiny Jumapili ya Oktoba 8. "Siku hii umeandika mbili kwa kalamu nyingine. Kulikuwa na nini?"

Shiny aliinamisha kichwa. Mimi nilijifanya napanga mafaili.

"Walikuja watu kumwona Neethu," akasema hatimaye. Neethu ni binti yao. "Ule upande wa kijana wa Angamaly. Nilipika chai ya watu tisa. Baba Neethu alitua kesho yake."

"Binti yangu aliposwa mimi nikiwa baharini?" Baiju aliruka kitini. "Na hukuniambia?"

"Ungesema ngojeni nirudi. Kila kitu nyumba ile kinangoja urudi!"

Chechi aliwaacha wagombane, akachukua simu na kuliomba shirika la ndege lithibitishe safari ya Oktoba 9, na nyingine zote kwa tarehe za kalenda. Barua ikaja: siku 181. Mpaka leo nalistaajabia jicho lile lililoona kalamu ngeni kati ya tarakimu mia tatu na ushei.

Mwaka uliofuata Neethu aliolewa na kijana huyohuyo wa Angamaly. Kabla ya harusi Chechi alimpigia Baiju simu kumwonya kwamba akikaa hadi harusi ipite, atavuka siku 181 na kukatwa kodi ya mwaka mzima. Simu ilikuwa kwenye spika, sote tukasikia jibu lake: "Andika mia na tisini, Chechi. Nitalipa." Alilipa yote, kwa wakati. Chechi alikata simu, akajifuta macho mbele yetu bila haya. Sikuwahi kumwona akilia kabla ya hapo.

Chechi, asante kwa kutufundisha kazi na kwa kutugombeza. Tunakuombea afya, raha na usingizi wa kutosha. Kaa nyumbani siku zote unazotaka. Hakuna atakayezihesabu.